Mkasi Uliotoka Kwenye Friji

Utani wangu haujawahi kumliza mtu. Maneno hayo niliyasema mbele ya darasa zima, kifua mbele, nikiwa na miaka kumi na tatu, na wenzangu wakagonga madawati kwa shangwe. Hawakuniita Redio bure. Nikianza kusema, wa kunizima hayupo.

Kila siku nikitoka shuleni nilipitia kwa shangazi, fundi cherehani. Alikuwa na chumba kimoja tu: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, friji kuukuu pembeni. Chini ya meza alikaa binti yake wa miaka sita, tuliyemwita Kifungo kwa vile alishinda akiokota vifungo. Mimi nilikunja nguo zilizokwisha kushonwa huku nikimsimulia shangazi vituko vya walimu, naye akicheka mpaka mshono unakwenda upande.

Shangazi alikuwa anatibiwa saratani ya utumbo. Kila baada ya wiki mbili alitundikiwa dripu, na tangu hapo baridi ikawa adui yake. Maji ya bomba yalimchoma. Kijiko alikishika kwa kitambaa, na vishikio vya mkasi alivizungushia flana.

"Shangazi, umekuwa malkia? Hata kijiko unakivalisha nguo!"

"Cheka tu, Redio. Mwenzio nikigusa kitu cha baridi ni kama nimeshika waya wa umeme. Lakini maadamu mkasi bado naushika, dripu nitaivumilia. Siku mikono ikinikatalia kazi, basi tena."

Mimi nikaona anajidekeza. Alhamisi moja alitoka kumsindikiza mteja mmoja mwenye maneno mengi. Nikauchukua mkasi na flana yake, nikausukuma kwenye sehemu ya kugandishia barafu. Niliposikia wanaagana, nikautoa na kuurudisha mezani kama haujawahi kusafiri.

Shangazi akaingia, akaushika.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mkasi ulianguka, naye akaketi sakafuni, vidole vimejikunja, havinyooki.

"Na flana ipo," alinong'ona. "Jua lote hili, na flana ipo."

Niliuokota mkasi, nikaufuta unyevu kwa shati langu. Nilichosema ni "pole" tu.

Jumamosi fundi mwenzake alikuja na mkokoteni, akaichukua cherehani. "Itumie tu, dada," shangazi alimwambia. "Mimi mikono imeshakufa." Pale dirishani pakabaki alama nne za miguu yake.

Jumatatu nilimbebea mkoba hadi kliniki, Kifungo akiwa nyuma yetu. Shangazi alisimulia habari ya mkasi na ya cherehani, akasema dripu hataki tena. Nesi, mama mwenye sauti ya taratibu, alimshika vidole.

"Kwenye neva za vidole kuna vijilango vidogo mno," alisema. "Baridi ikigusa, vinafunguka, chembe za chumvi zenye umeme zinapita, na habari inakimbia hadi kwenye ubongo. Dawa hii inavivuruga. Vinafunguka kwa baridi kidogo tu, na kufunga vinachelewa. Basi ubaridi unafika kichwani ukiwa maumivu. Siyo deko hata kidogo."

Nilitazama sakafu.

"Kwa kawaida hali hiyo inatulia siku chache baada ya dripu. Lakini kama mkasi wa mezani, siku ya jua, umekuumiza hivyo, neva zinaharibika. Daktari ataisimamisha dawa. Nami roho inaniuma, kwa sababu uvimbe wako ulishaanza kupungua."

"Andika tu, nesi," alisema shangazi.

Kalamu iligusa karatasi.

"Mkasi ulitoka kwenye friji!" nikaropoka. "Mimi ndiye niliyeuweka."

Shangazi aliitazama mikono yake kwanza, akaigeuza huku na huku kama karudishiwa kitu kilichoibwa. Kisha akanitazama mimi. Afadhali angenizaba kofi.

Nesi aliiweka kalamu chini. "Basi matibabu yanaendelea, na daktari ataangalia kama kipimo kipunguzwe. Na hiyo cherehani irudi leo." Akanigeukia. "Wewe, sikiliza. Maumivu ya mwenzio huwezi kuyaona, hata ukodoe macho namna gani. Akikwambia inauma, mwamini. Usimjaribu."

Machozi yalinitoka. "Nisamehe, shangazi. Sikujua kama ingekuuma. Haki ya Mungu, ningejua..."

Shangazi alivuta pumzi. Mkono wake ukaanza kuja begani kwangu.

"Ulijua," alisema Kifungo. "Ulipouweka kwenye friji uliniambia, 'Nyamaza, leo mama yako ataruka mpaka darini.'"

Mkono wa shangazi ukarudi mapajani.