Mwito Usio na Jina

Pazia la mlango lilikuwa limelowa kuanzia chini mpaka usawa wa magoti, na mvua ilikuwa haijaonekana Uvira, mji wa kando ya ziwa, tangu mwezi wa tano. Hyacinthe alilishika, kisha akanusa vidole vyake. Tope. Si vumbi la uani lililomwagiwa maji, bali lile tope zito la mto uliofurika, lenye harufu ya majani yaliyooza na mafuta ya taa.

Alimuuliza mama yake nani amemwaga maji mlangoni. Anne-Marie alikuwa anachambua ndakala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, na hakuinua kichwa. Alisema ni watoto walipita.

"Watoto wa nani?"

"Watoto tu."

Hyacinthe hakufuatilia. Mtaa wa Mulongwe una watoto wengi, wanaingia kwenye nyumba za watu kama kuku, na yeye alikuwa na mambo yake kichwani. Mchezo wake wa kompyuta ulikuwa na siku tisa tu kwenye intaneti, na tayari watu wasiomjua walikuwa wanaucheza.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mambo ya kompyuta. Aliutengeneza mchezo huo kwa miezi minane, kwenye mashine kuukuu ambayo herufi moja ya kibodi ilikuwa imeng'oka, akifanya kazi kila umeme ulipopatikana. Aliuita Vuka. Ndani yake, mto umetoka mahali pake na unabeba mtaa. Mchezaji ana bidoni ya maji ya njano mgongoni, anaruka kutoka bati hadi bati, kutoka ubao hadi ubao, mpaka afike nchi kavu. Hakuhitaji kuubuni mto huo. Aliuona kwa macho yake Aprili ya mwaka ule wa mafuriko, ulipopita katikati ya nyumba yao ukamchukua mdogo wake Noella, mwenye miaka tisa. Baba alikuwa ameondoka zamani kwenda machimbo ya dhahabu, asirudi. Kwa hiyo walibaki wawili, yeye na mama yake, na hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mchezo ulipokaribia kwisha, ilikosekana sauti moja: ile ya kusikika mchezaji anapoanguka majini. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Alitafuta sauti za bure kwenye intaneti siku tatu. Anayeijua kazi hiyo anajua mateso yake. Unabonyeza mahali palipoandikwa pakua, linafunguka dirisha la mwanamke anayetaka kuzungumza nawe. Unalifunga, linakuja jingine kukuambia umeshinda simu. Unalifunga hilo, tangazo la sabuni linaanza kupiga kelele lenyewe bila wewe kuligusa, na hujui limejificha wapi. Hyacinthe alikuwa amezoea kuyakwepa, alijua kwamba kitufe cha kweli ndicho kidogo kuliko vyote. Lakini siku ya tatu alipakua kirusi, mega za intaneti zikamwishia, na akachoka. Akakumbuka kwamba kwenye kadi ya simu yake ana sauti moja inayofaa kabisa.

Kwa watu wa pwani ile, ziwa likimchukua mtu na mwili usionekane, mama yake husimama pale mto unapoingia ziwani na kumwita. Humwita jioni tatu, kwa jina lake, ili ziwa lijue ni nani anayedaiwa na nyumba yake. Jioni ya tatu mwito unafungwa: mama anasukutua kinywa kwa maji ya ziwa, anatema, na tangu hapo hamwiti tena. Anne-Marie alifanya hivyo kwa Noella. Hyacinthe, akiwa na miaka kumi na sita, alirekodi jioni ya pili. Hakujua kwa nini alirekodi. Labda alitaka kubaki na kitu.

Sauti ilisema: "Noella, rudi nyumbani, mwanangu. Mama anakungoja."

Aliona aibu kuweka jina la mdogo wake kwenye mchezo. Kwa heshima yake, alilikata. Yakabaki maneno mengine tu, na kila mchezaji alipoanguka majini, popote alipo, mama yake Hyacinthe alimwita arudi nyumbani.

Pierre, rafiki yake wa darasani, ndiye aliyeleta habari kwamba mchezo umevuka mpaka.

"Weye, Programeri," alimwambia huku akicheka, "mchezo yako iko Bujumbura, iko Luvungi kwenye kituo cha moto, pale banachajisha simu. Watu wanajiangusha kwa makusudi, basikie tu ile mama. Kuna mukubwa mmoja alilia mbele yangu. Ulimulipa ngapi huyo mama?"

Hyacinthe alicheka pia. Hakumwambia mama huyo ni nani.

Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwa kali kiasi cha mabati kulia, alikaa chumbani kurekebisha ubao mmoja uliokuwa unapotea kwenye mchezo. Aliruka, akaanguka majini ili ajaribu. Mashine ikasema kwa sauti ya mama yake: rudi nyumbani, mwanangu, mama anakungoja.

Uani, mtoto akaitika. "Eeh, mama."

Alitoka. Uani hapakuwa na mtu ila mama yake, ameketi kwenye kigoda, mikono imetulia mapajani, anatabasamu kwa mtu aliye mbele yake ambaye hakuwepo. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo ndogo zilizolowa, na zilitoka upande wa ziwa, na hazikurudi.

Jumatatu nyayo zilikuwa za watoto watatu. Jumatano palikuwa na nyayo kubwa kati yao, za mwanamume, na alama ya kiatu kimoja. Anne-Marie akaacha kwenda sokoni kuuza ndakala wake. Akawa anapika bugali la kutosha watu wanane, na sombe, majani ya muhogo, ya sufuria nzima, na Hyacinthe alipouliza nani atakula, alisema kwa upole kwamba wote wana njaa, wametembea mbali. Kisha akamwita Hyacinthe kwa jina lisilo lake, Fidèle. Akajirekebisha. Baadaye akamwita jina jingine, na safari hiyo hakujirekebisha.

Ndipo Hyacinthe alipokwenda kwa Mama Célestine, mwanamke aliyefunga miito ya pwani ile kwa miaka mingi, na ndiye aliyefunga wa Noella. Alimkuta sokoni akigombana na mteja juu ya samaki. Mama Célestine alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, lakini alipoelezwa habari ya sauti na jina lililokatwa, aliacha samaki wake kwa jirani akamvuta kijana pembeni.

"Minye simu yangu ni ya tochi, hayo mambo yenu siyajui," alisema chini chini. "Lakini niambie moja. Ile jina, uliitosha, uliikata kabisa?"

"Niliitosha, mama. Niliona haya."

"Basi ulimwita nani?"

Mama Célestine akamweleza taratibu kwamba ziwani kuna wengi ambao hawakuitwa na mtu, waliozama zamani, ambao hata waliowazaa wamekwisha kufa, na kuna wengine ambao hawakuzaliwa na mtu yeyote, wanaishi humo tu, nao pia wanapenda kuitwa. Mwito wenye jina hausikilizwi na mwingine. Usio na jina ni wa kila mtu.

"Hawatamuua," alisema. "Wanataka mama. Watamugawanya. Kila mwenye kuja anatwaa kipande, na weye wa tumbo lake utakuwa wa mwisho, sababu weye haukuitwa. Fanya haraka, mwanangu."

Siku hiyo hiyo aliiondoa sauti kwenye mchezo, na kesho yake asubuhi Mama Célestine alimshika Anne-Marie mkono akampeleka mpaka mto unapoingia ziwani. Alimsukutua kinywa, akamtemesha, akasema kwa sauti kubwa kwamba mama huyu hamwiti mtu tena na waliokuja warudi. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta. Anne-Marie alilia kidogo, kisha akageuka akamwangalia mwanawe kwa muda mrefu.

"Hyacinthe," alisema. "Umekonda. Haukuli?"

Zilipita siku mbili. Uani kukakauka. Majirani walimsikia Mama Hyacinthe akiimba nyimbo za kanisani huku anaanika ndakala, na Hyacinthe alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki tatu.

Siku ya tatu pazia lilikuwa limelowa mpaka juu.

Alikimbilia mashine. Sauti haikuwa tena kwenye mchezo wake, alihakikisha mara mbili, lakini alipotafuta jina la Vuka kwenye intaneti alikuta Vuka nyingine, na nyingine tena, zilizonakiliwa na watu asiowajua na kuwekwa kwenye kurasa zilizojaa matangazo, na kwenye kila moja sauti ilikuwa ile ile. Alifungua ya kwanza ili aandike malalamiko. Lilimjia dirisha la simu aliyoshinda, akalifunga, likaja la kumtaka athibitishe kwamba yeye si roboti, achague picha zote zenye daraja, na alipokuwa anachagua, kutoka nyuma ya madirisha hayo yote, mahali asipoweza kupaona wala kupafunga, mama yake alianza kuita. Hakuna aliyekuwa anacheza. Hakuna aliyeanguka majini. Wenye ukurasa walikuwa wameufanya mchezo kuwa tangazo linaloanza lenyewe, linalorudia lenyewe, kwenye maelfu ya kurasa nyingine za watu waliotaka tu kusoma habari au kuangalia mpira, na wao walikuwa wanalifunga kwa hasira kama yeye alivyokuwa anafunga mengine, bila kujua kwamba kabla hawajalifunga limekwisha kuita. Na uani, kila mara, waliitika. Si mmoja, si watatu. Eeh, mama. Eeh, mama. Sauti za watoto na sauti nzito za watu wazima, na chini yake nyingine ambazo hazikuwa za watu, zilizokuwa zinajifunza maneno hayo mawili polepole kama mtu anayetafuna changarawe.

Mama Célestine alikuja mara moja tu. Alisimama nje ya ua, hakuvuka.

"Minye nafunga kinywa ya muntu," alimwambia Hyacinthe. "Kinywa ya mama yako niliifunga. Ile ingine, iko na kinywa wapi? Nionyeshe, niifunge."

Hyacinthe alijua kwamba hakuna pa kumwonyesha. Mama Célestine alimshika bega, akaondoka bila kuaga, akitembea haraka kuliko umri wake.

Wiki iliyofuata Hyacinthe aliimalizia kwa Pierre, kwa kuwa nyumbani mashine ilikuwa imeingia maji. Walijaza fomu za malalamiko pamoja, thelathini na nne. Pierre hakufanya utani hata mara moja. Ukurasa mmoja ulifutwa, na kabla ya jioni ulikuwa umezaa nyingine nne. Majibu yaliyokuja yalikuwa ya mashine, yakimshukuru na kumwambia ombi lake litaangaliwa ndani ya siku thelathini za kazi.

Alirudi nyumbani saa kumi. Njiani jirani mmoja alimwambia kwamba amempigia mama yake hodi mchana huo, akamwita Mama Hyacinthe, Mama Hyacinthe, mara tatu, na mama hakugeuka, kama aliyesikia jina la mtu mwingine.

Ua wote ulikuwa tope. Harufu ilikuwa ile ya mto uliofurika. Nyayo zilikuwa juu ya nyayo mpaka hazikuhesabika, zilizunguka nyumba, zilipanda ukutani, na katikati yake, kwenye mkeka ulioloa, alikaa Anne-Marie akisuka nywele. Vidole vyake vilikwenda haraka, vikigawa, vikivuta, vikikaza msuko mmoja hadi mwingine, kwenye hewa tupu mbele ya magoti yake, na maji yalichuruzika kutoka kwenye vidole hivyo bila kukoma. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo inaonekana. Hakuwahi kuonekana mwenye furaha kiasi hicho tangu Aprili ile.

Hyacinthe alipiga magoti kwenye tope.

"Mama, ni minye."

Anne-Marie aliinua macho. Alimwangalia kwa adabu, kama anavyomwangalia mteja mgeni sokoni, asiache kusuka.

"Karibu, kijana," alisema. "Unatafuta nani?"

"Ni minye, mama. Hyacinthe."

"Hyacinthe." Alilirudia taratibu, akalisikiliza. Kitu fulani kiliegemea bega lake, nguo ikalowa mahali hapo, naye akakipapasa kwa upole bila kugeuka. "Jina muzuri. Na mama yako, angali muzima?"