Goti la Muzafaru na Kompyuta Isiyopatana Bei

Muzafaru anauza viatu vya mitumba katika soko la Nakaloke. Ukimuuliza bei, anataja kubwa. Wewe unashika kichwa. Yeye anaapa kwamba anapata hasara. Mnavutana mpaka mnakutana katikati, na kila mmoja anaenda zake akifurahi.

Lakini goti lake la kulia lilikuwa linamuuma. Liliuma hata akawa anaswali juu ya kiti, nyuma ya wenzake. Kiti hicho kilimuumiza moyo kuliko goti lenyewe.

"Nataka kusujudu tena," alimwambia mkewe, Naigaga.

Wakaenda zahanati moja mjini Mbale. Nesi Orpah alimpa kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Ilizungumza Kiswahili.

"Wiki hii goti limekuuma kiasi gani? Sifuri, haliumi. Kumi, linauma kupita kiasi. Gusa namba."

Kwa kweli lilikuwa nane. Lakini mfanyabiashara gani anaanza na bei ya mwisho? Muzafaru akagusa kumi, akangoja kuambiwa apunguze.

"Asante," ilisema kompyuta.

"Mama Hamuza," alimnong'oneza mkewe, "hii kitu haijui kununua!"

Daktari alimpa vidonge na kumfundisha mazoezi ya mguu. Baada ya mwezi akarudi. Goti lilikuwa limepata nafuu kubwa, lakini Muzafaru aliwaza, "Nikisema limepoa, watanipunguzia dawa." Akagusa kumi tena.

Baadaye nesi Orpah akaja, uso umemshuka.

"Pole, mzee. Dawa haijakusaidia hata kidogo. Daktari anataka kuacha vidonge na mazoezi. Atakuchoma sindano ndani ya goti."

"Ndani?"

"Ndani."

Muzafaru aliruka kitini. Alifika mlangoni kabla mkewe hajachukua mkoba.

"Mzee, simama!" aliita Orpah. "Goti la kumi linakimbia hivyo?"

"Hujaona kitu, musawo," Naigaga alimwambia nesi. "Juzi mbuzi aliiba kiatu sokoni. Baba Hamuza alimfukuza mpaka stendi ya taksi!"

"Kilikuwa kiatu cha ngozi," alijitetea Muzafaru.

Orpah alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, daktari anaweza kulipima goti lako, lakini hawezi kusikia maumivu yako. Unayajua wewe tu. Kompyuta inaweka jibu la leo pamoja na lile la mwanzo. Maumivu yakishuka, tunaona kwamba dawa inafanya kazi. Yasiposhuka, tunatafuta njia nyingine."

"Na mtu akiongeza kidogo tu?"

"Tunaweza kumpa dawa asiyoihitaji. Akipunguza kwa sababu ya aibu, tutamwacha akiumia. Wote wawili wamejidanganya wenyewe."

"Kwa hiyo haipatani?"

"Haipatani. Taja bei ya mwisho."

Muzafaru alijikuna kidevu. "Mwanzo ilikuwa nane. Leo ni sita."

Naigaga akakohoa.

"Basi, tatu! Wallahi, tatu."

Orpah akasahihisha majibu. Daktari akalipima goti tena, akamfanya achuchumae na kuinuka. Akasema sindano haihitajiki. Aendelee na vidonge vilevile na mazoezi yaleyale. Muzafaru akashusha pumzi iliyosikika hadi nje.

Mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, aliingia msikitini akakipita kile kiti. Akasimama kwenye safu pamoja na wenzake. Katika sijda ya mwisho alibaki amesujudu muda mrefu, machozi yakilowesha mkeka.

Swala ilipokwisha, jirani yake Kirunda alimshika bega.

"Nilidhani umekwama, ndugu yangu."

"Sikukwama. Nilikuwa nashukuru."

"Na goti? Bado linauma?"

"Mbili."

"Mbili? Si useme moja tu."

"Ni mbili, Kirunda," alisema Muzafaru, akiinuka bila kushikwa mkono. "Hiyo haipungui. Njoo sokoni tuvutane bei ya viatu."