Dunja Juu ya Kabati

Kila asubuhi Dunja alipofungua kabati kutoa soksi, harufu tamu ilimpokea. Juu ya kabati hilo bibi yake, Bibi Manda, alipanga dunja, matunda ya njano yenye vinyweleo, makubwa kama ngumi ya baba na magumu kama jiwe. Mjini Požega ndivyo walivyofanya vuli ikifika, ili nguo zinukie hadi theluji iyeyuke.

Lakini tangu Jumatatu Dunja hakutaka hata kuyatazama. Siku hiyo Mwalimu Nevenka aliwauliza wanafunzi maana ya majina yao. Jagoda alisema jina lake ni stroberi, darasa zima likameza mate. Zamu ya Dunja ilipofika, Krešo alidakia, "Dunja! Ukiliuma hilo, unabaki kibogoyo!"

Wakaangua kicheko. Dunja akawaka. "Mimi sikuitwa tunda! Nimepewa jina la binti mfalme wa Urusi. Bibi yangu ndiye aliyeniambia."

"Vizuri," alisema mwalimu. "Alhamisi bibi aje atusimulie."

Alhamisi ikafika. Bibi Manda alijifunga kitambaa chake kizuri, akabeba kikapu. Njiani alimtazama mjukuu wake. "Mbona umenuna kama paka aliyelowa?"

"Hakuna kitu, Bibi."

Walipoingia tu, Krešo akapaza sauti, "Bibi, tupe habari za binti mfalme!"

"Binti mfalme yupi, mwanangu?"

Dunja alihisi masikio yanawaka moto. Angenyamaza, bibi yake angeonekana mwongo mbele ya watoto wote. Akasimama. "Bibi hajui habari hiyo. Niliitunga mwenyewe. Niliona haya kuitwa tunda."

Hakuna aliyecheka. Bibi Manda aliweka kikapu mezani taratibu.

"Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Mbichi, nakukunjisha uso. Kabatini, nanukisha nyumba. Jikoni, naingia wa njano natoka mwekundu."

"Dunja!" alipiga kelele Krešo, wa kwanza kabisa.

"Umepata, we mchokozi." Bibi alifunua kikapu. Ndani mlikuwa na vipande vyekundu vya dunja lililopikwa kwa sukari likaganda. Akavigawa huku akisimulia. "Huyu alizaliwa mwezi wa kumi. Mama yake aliugua sana, chumba kikanuka dawa tupu. Nikapanga dunja juu ya kabati. Asubuhi moja mama akafumbua macho, akauliza, 'Kuna nini kinachonukia hivi?' Akaomba supu. Baba alilia kwa furaha, akasema mtoto ataitwa Dunja."

Dunja alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alisimama wima, mabega juu.

"Bibi," alisema Krešo, akilamba vidole, "bichi ndilo linalovunja meno. Hili halina ubaya wowote. Kuna kingine?"

"Muombe mwenye jina."

Dunja akamkatia kipande, kidogo makusudi, kisha akamwongezea.

Bibi Manda akamshika bega. "Umesema kweli mbele ya watu, na hilo ni gumu kuliko dunja bichi. Binti mfalme simjui, ningesimulia nini? Usiufiche ukweli wako kwa kuogopa kuchekwa, mjukuu wangu. Ungeendelea kuuficha, hata wewe usingejua ukweli wa jina lako ulivyo mtamu."