Sauti Iliyolia Makaburini

Kila Jumatatu Jaafar na mkewe Mwanaima humpeleka mama yake Mwanaima kliniki Msambweni. Figo zake ni mbovu. Akikosa kliniki, mwili hujaa maji. Gari lao ni dogo na kuukuu, lakini Jaafar analionea fahari, hasa tangu alipolivalisha rimu pana za mitumba pamoja na tairi zake.

Jumatatu moja walikaribia makaburi. Jaafar alizima redio kama kawaida, na Mwanaima akawasalimia wafu. Ndipo wakaisikia.

"Uuu... uuu..."

Ilikuwa sauti nyembamba, kama mtu anayelia ndani ya shimo. Walipoyapita makaburi, Jaafar alifungua redio, na sauti ikatoweka. Wakati wa kurudi, ikalia tena palepale.

"Mwenye gari wa zamani kafa," mama akanong'ona. "Anataka kitu chake."

Wakalifukiza ubani gari zima, hadi ndani ya buti. Wapi! Wiki iliyofuata sauti ilikuwa ikiwangoja. Mama alishuka njiani, akakataa katakata kupanda tena. Kliniki ikampita. Kufika Ijumaa miguu yake ilikuwa imevimba, na Mwanaima alilia kwa hofu.

Jirani yao Esha, anayeuza tairi Kombani, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jini litaniua."

Esha alisikiliza kisa chote. "Jaafar, hebu twende. Na redio usiifungue kabisa."

Hawakufika mbali. "Uuu... uuu..."

Jaafar akafunga breki. "Limetufuata hadi nyumbani!"

"Wee! Lilikuwa nanyi siku zote. Redio ililifunika. Makaburini mnazima kwa heshima, ndipo mnasikia."

Esha akashuka, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Tairi ilikuwa ikisuguana na chuma. Upande wa ndani ulikuwa umelika hadi nyaya zimechomoza.

"Tairi hizi ni pana mno. Kipimo cha gari kimeandikwa hapa, kwenye fremu ya mlango wa dereva. Nunua hicho hicho. Na tazama umri ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwisho ndizo mwaka. Mpira uliozeeka hupasuka hata kama meno yapo."

"Ingepasuka?"

"Na mama ndani."

Mchana ule ule wakafunga rimu na tairi za kipimo. Mama alilizunguka gari polepole.

"Ile mbovu iko wapi?"

"Nitaiuza, mama."

"Ikawalilie watoto wa nani? Ilete hapa na msumeno."

Jaafar aliikata vipande mbele yake. Kisha mama akafungua mlango, akaketi.

"Haya, twende hospitali."