Mshona Viroba wa Buhemba

Watu wa kwetu wanapenda ujinga kama nzi wanavyopenda dagaa. Mtu akipotea, kachukuliwa msukule na wachawi. Mtoto akifeli, karogwa. Mimi nafundisha saikolojia kwenye chuo cha ualimu Musoma mjini, na kila mwaka nawaeleza wanachuo kwamba kumbukumbu ni za namna mbili. Ipo unayoijua, yenye majina na tarehe. Na ipo inayokaa mwilini bila kukuomba ruhusa, ile inayokuendeshea baiskeli wakati wewe unawaza mengine. Wanaandika yote. Kisha wanarudi bwenini kuvaa hirizi zao.

Mume wangu Burito alipotea miaka minne iliyopita. Alikuwa mvuvi wa Majita, akaacha nyavu akafuata dhahabu Buhemba, hakurudi. Kwangu hesabu ilikuwa rahisi: kafukiwa shimoni. Ukoo wake ukataka kufanya mila yao, kuzika mgomba badala ya mwili ili marehemu atulie. Mama mkwe wangu, Hyasinta, akagoma.

"Mgomba ukizikwa na mtu yuko hai, ndo basi, harudi tena," alisema. "Nenda Buhemba ukamwangalie mara moja tu, mwanangu. Usipomwona, tuzike."

Niliona upuuzi mtupu. Lakini mama alikuwa hali chakula, amebaki mifupa, na mimi ndiye niliyesubiriwa. Nikaenda, nia yangu nizunguke kidogo, nirudi nimwambie hayupo.

Nilishuka Buhemba jua likizama. Karasha za kusaga mawe zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine. Harufu ya dizeli... na tope bichi. Sikuwahi kukanyaga pale maishani mwangu, kwa hiyo nilikusudia kumuuliza mtu njia.

Sikuuliza.

Miguu ilikata kushoto nyuma ya kibanda cha chipsi. Ikaruka mtaro ambao macho hayakuuona. Ikanisimamisha mbele ya ua wa mabati. Nikaingiza mkono kwenye tundu nikainua komeo la ndani, lililofungwa chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeweka komeo. Mkono ulilipata mara moja. Nikajiambia ni bahati. Msomi haishiwi majibu.

Nilipotazama chini, nilikuwa nimeshavua viatu.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachambua maharage.

"Karibu, mwalimu," alinong'ona. "Mi naitwa Keraryo. Kila mara inabidi nikwambie."

"Umenijulia wapi?"

Akatazama kwenye kona, nami nikatazama.

Mwanaume alikuwa amekaa chini anashona midomo ya viroba vya mawe. Alivuta uzi, akauzungusha kwenye kidole gumba cha kushoto, akakaza, akaukata kwa meno. Fundo la wavuvi. Na mtu mmoja tu niliyemjua alilipiga kwa mkono wa kushoto.

"Burito..."

Hakugeuka. Nikaenda mbele yake. Macho yake yalinipita, yakaenda kwenye bati nyuma yangu. Hakuwa na jina, hakuwa na nyumba, hakuwa na mke. Mikono tu. Inashona... inashona.

Kichwa changu kilikuwa tayari na somo. Kajigonga shimoni, ubongo umeumia. Kumbukumbu ya majina imekufa, ya mikono imebaki. Nikamtazama yule mwanamke na maharage yake nikamdharau kabisa.

"Huyu ni mgonjwa," nikasema. "Naondoka naye. Mama yake anamlilia."

"Mchukue. Sijawahi kukukataza."

Nikainama kumshika bega. Burito akainua mkono juu, kuchomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kofia yake.

Ni hilo tu alilofanya.

Nikajikuta chini. Viwiko vimeziba uso, magoti yamegusa tumbo. Nikasikia mtu analia kwa sauti ndogo, "Basi, basi, sirudii..."

Kumbe ni mimi.

Burito hakuwahi kunipiga. Ndivyo nilivyowaambia watu wote, na ndivyo nilivyoamini. Mume mpole, mtu wa watu. Lakini mwili wangu ulikuwa umelala pale kwenye vumbi, unajua la kufanya.

"Mi siibagi watu," Keraryo alinong'ona. "We ndo ulimleta. Ulisema nimtoe kumbukumbu asijue njia ya nyumbani. Ukasema na za kwako nizitoe, za kipigo na za kumleta huku, usije ukamfuata. Nikatoa za kichwani, zenu wote wawili. Za mwilini siziwezi." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Kila mwaka unakujaga kumchukua. Kila mwaka anainua mkono. Unaondoka, na baada ya siku chache unasahau, kila mara zaidi kuliko mwanzo."

"Muongo."

"Hilo nalo unasemaga."

Ningeweza kumchukua. Alikuwa ametulia, angenifuata kama mbuzi wa kamba, na mama yake angekula siku hiyo hiyo. Nilivaa viatu. Sikuaga.

Nililala Butiama, asubuhi nikafika Majita. Hyasinta alikuwa mlangoni.

"Umemwona?"

"Sijamwona, mama."

Alinitazama usoni, kisha akaomba uji.

Mgomba ulizikwa Jumamosi, nami nikalia kama mjane anavyotakiwa kulia. Miaka yote nimewacheka wajinga wanaorogwa. Mimi nilikwenda kwa mchawi kwa miguu yangu, na shahada ukutani, halafu nikasimama mbele ya darasa kufundisha habari za kumbukumbu. Sijui kati yetu nani alistahili kuchekwa.

Leo ni Jumatano, bado niko Majita. Nimeandika haraka haraka, kabla haya yote hayajaondoka kichwani. Karasha bado nazisikia, na maharage yale nayaona. Ila hilo jina la Burito mnalolisoma humu lilikuwa limeshanitoka; nimetoka makaburini sasa hivi kulinakili msalabani.