Aliyelia kwa Sauti ya Kasyoka

Yaliyomkuta Kasyoka, mpangaji wa jirani yetu Bi Mejumaa hapa Mji wa Kale, yalianza mchana wa kawaida, harufu ya viazi karai ikipanda ngazi kutoka kichochoroni.

Msichana huyo alitoka Mwingi kuja kusomea uuguzi. Wiki ya pili tu, mwalimu alimwinua asome mbele ya darasa. Sauti ikamkauka, machozi yakamtoka, wenzake wakacheka. Hakurudi tena. Tangu hapo, wiki ya tatu sasa, alikuwa akijifungia chumbani, na kila mama yake alipopiga simu, alimwambia masomo yanaendelea vizuri. Hata Bi Mejumaa alimkwepa, kwa haya.

Simu ililia akiwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni.

"Ndiyo kwanza natoka darasani, mama," alisema.

Mama yake akamuuliza mbona anamdanganya, ilhali asubuhi alimpigia mwenyewe, wakazungumza karibu saa nzima, akalia na kumweleza yote: kicheko cha wenzake, kushinda njaa, hata huko kuketi sakafuni mlango ukiwa umefungwa.

Uso ulimwaka Kasyoka kwa fedheha. Ndipo akakumbuka. Asubuhi hakupiga simu. Hakuzungumza na mtu.

"Mama, si mimi."

"Sauti yako naijua." Mama akaishusha yake. "Uko na nani humo?"

"Niko peke yangu."

"Basi ni nani anayelia hapo karibu nawe?"

Chumba kilikuwa kimya. Kasyoka hakuinua macho. Akapapasa kitasa. Akafungua. Akateremka ngazi peku mpaka jikoni kwa Bi Mejumaa, na huko, amejifunika uso kwa viganja, akasema yote.

Bi Mejumaa hakucheka. Alimpakulia wali.

"Kula kwanza, mwanangu. Ungenambia tangu mwanzo."

Mama yake aliwasili kesho yake. Hakumgombeza, na hilo likamtia haya zaidi. Walikubaliana arudi darasani, ila alale chini kwa Bi Mejumaa. Wakapanda wote watatu kuhamisha vitu.

Chumba kilikuwa na kitanda cha pili, kando ya dirisha, ambacho hakijalaliwa na mtu tangu mwaka jana. Mama yake akauinua mto, akauachia upesi.

Ulikuwa umelowa chapachapa. Na bado ulikuwa na vuguvugu la shavu.