Mpendwa Mama Mdogo

Jumatano saa mbili asubuhi, kabla hajaitia uzi cherehani yake, Fundi alifungua baruapepe kwenye kompyuta ya dukani akakuta barua mpya elfu nne na ushei. Yeye alikuwa akisubiri moja tu. Mwanawe wa pekee, aliyekwenda ng'ambo miaka tisa iliyopita, alikuwa amempigia simu inayokatikakatika: "Mama, barua ya mwaliko inakuja uje tuishi wote. Ithibitishe kabla ya Alhamisi saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine." Sasa barua hiyo, kama ilifika, ilikuwa imezikwa chini ya matangazo ya matairi, dawa za kitambi na mafunzo ya kufuga sungura.

Saa nne Inspekta, aliyeitwa na Fundi, alikuwa ameshavuta kiti mbele ya kompyuta ile. Alitoka kitengo cha barua taka, kitengo ambacho askari wenzake walikicheka: wao wanakamata majambazi, yeye anakamata matangazo. Hakuwajali. Wacheke, siku yao itafika.

"Hizi hazikuja kwa bahati mbaya," alisema. "Kuna mtu amekuandikisha kwenye mamia ya tovuti kwa mpigo. Neno lako la siri analijua nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi hakuweza kuifuta barua ya mwanao. Ameamua kuifukia. Nani alijua kwamba inakuja?"

"Nani hakujua? Simu ilikuwa mbovu, nikawa napiga kelele. Wateja walisikia, mtaa mzima ulisikia."

Inspekta alifungua barua moja. *Mpendwa Mama Mdogo, kitambi sasa basi!* Akafungua ya pili. *Mpendwa Mama Mdogo, sungura wako wanakusubiri.*

Fundi alicheka huku macho yamemjaa machozi. Alikuwa mfupi, hata pedali ya cherehani aliifikia kwa shida. "Huo utani wa kimo ni wa mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Tangu wateja wake wahamie kwangu, hatusalimiani."

Nyuma yake binti alikuwa akipiga pasi, kimya kama maji mtungini.

"Huyu binti yangu tunamwita Chiriku kwa domo lake," Fundi alisema. "Sijui kapatwa na nini, juzi mpaka leo haongei."

Ukutani ilitundikwa picha ya wanawake wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja, yule mrefu, alikuwa amempakata mtoto mchanga. "Marehemu dada yangu," Fundi alisema, na sauti ikamshuka.

Mshonaji wa ng'ambo ya barabara alimpokea Inspekta na pini mdomoni.

"Unamwitaje jirani yako?"

"Kibiriti. Mfupi, lakini ukimgusa anawaka."

"Hujawahi kumwita mama mdogo?"

Mzee alitoa pini zote mdomoni ili acheke vizuri. "Mama mdogo wangu kivipi? Mama yangu hakuwa na dada! Afande, mimi na Kibiriti tunagombana, lakini ukoo hatuchangii."

Inspekta alijiona mjinga. Alikuwa amelisoma neno lile kama kimo cha mtu, kumbe lilikuwa udugu.

Saa nane mchana alikuwa ofisini kwa Bwana Matangazo, mwenye kampuni iliyotuma zile za kitambi. Alikuwa na tabasamu la mtu anayejua sheria, hasa mianya yake.

"Sheria inanitaka niwe na ridhaa ya mpokeaji. Ninayo. Mama huyo alijiandikisha mwenyewe Jumatatu, saa kumi jioni, kwa simu."

"Anwani na jina vilijazwa kwa muda gani?"

Akaangalia kwenye mashine. "Sekunde moja."

"Hakuna kidole chenye mbio hizo. Ni simu iliyojaza yenyewe, ikachukua anwani na jina kama vilivyohifadhiwa humo. Hiyo ni ridhaa ya simu, bwana, si ya Fundi. Kuanzia leo mtu akijiandikisha, mtumie kwanza barua moja ya kuuliza kama ni yeye kweli. Asipojibu, mwache."

"Nitapoteza nusu ya watu wangu!"

"Hao hawakuwahi kuwa wako."

Alhamisi saa nne asubuhi alirudi dukani. Fundi hakuwa amelala, macho yalisema. Inspekta alimweleza atakachofanya: sheria inamlazimisha kila mtuma matangazo kuweka neno *Jitoe* mwishoni, ili asiyetaka aondoke. Kwa hiyo aliiamuru kompyuta iziweke kando barua zote zenye neno hilo.

"Mtoto hamwekei mama yake kitufe cha kujitoa," alisema.

Zikabaki chache, nyingi za matapeli. Katikati yake kulikuwa na moja: *Mama, njoo.*

Fundi aliigusa skrini kwa kiganja. Kisha akashika kipanya athibitishe.

"Ngoja kidogo," Inspekta alisema. "Kwanza mpigie Chiriku."

"Si huyu hapa?"

"Mpigie tu."

Simu ya Chiriku ilitetemeka juu ya meza ya pasi. Inspekta aliigeuza wote waone. *Mama Mdogo anapiga.*

Fundi alikata simu polepole. "Mimi? Si unaniita Mama, tangu una miaka kumi?"

Chiriku aliweka pasi chini. "'Mama' ni namba ya marehemu, mama aliyenizaa. Sikuweza kuifuta. Nikizidiwa na hamu naye, naipiga. Haipatikani, lakini jina lake linatokea." Akaanza kulia. "Jumatatu nilikusikia ukimwambia kaka kwamba utakwenda. Nikaona na wewe utakuwa namba ninayopiga haipatikani. Nilitaka tu siku ya kuthibitisha ipite."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, Mama. Sijawahi kukusikia ukiimba."

Inspekta, ambaye mwenyewe hakuna aliyemwandikia ila wenye matangazo, aligeuka akaangalia barabarani.

"Kosa ni kosa," alisema hatimaye. "Faili litaandikwa onyo, kama Fundi atakubali. Na wewe, binti, utamtoa mama yako kwenye orodha zote ulizomwingiza, moja baada ya nyingine, kwa mkono wako."

"Nakubali," alisema Fundi. Alimgeukia Chiriku, na hakumficha kitu. "Miaka tisa nimemkosa mwanangu mpaka mifupa inauma. Nikikaa kwa ajili yako, nitakukaripia kila siku bila sababu, na wote wawili tutajua sababu. Nakwenda."

Akabonyeza. Ilikuwa saa tano kasoro.

Chiriku alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja. "Na mimi nikikukumbuka?"

"Niandikie. Barua moja tu lakini, mwanangu. Elfu nne sitazimudu."

"Ukichelewa kujibu je?"

Fundi alimvuta kifuani, kichwa chake kikiishia begani kwa binti.

"Andika ya pili."